Kura Moja ya Igoselo

Jumamosi, 28 Juni 2025

Leo nimechukua fomu ya ubunge. Ziwa limetulia tangu asubuhi, nadhani limepata habari.

Niweke kumbukumbu vizuri, maana siku moja daftari hili litawekwa kwenye kabati la kioo, watoto wa shule walipe kiingilio kuliona. Bila mimi, Shigela Ndalahwa, jimbo hili lingekuwa pori. Mwaka 2000 niligombea mara ya kwanza — hapakuwa na lami hata ya kukanyaga kwa kisigino. Wakubwa wakaogopa, wakaleta lami. 2005 nikagombea tena, wakaleta umeme. 2010, mnara wa simu. Sijachaguliwa hata siku moja na nimeleta maendeleo kuliko wote waliochaguliwa. Nikishinda sijui itakuwaje. Labda ndege zitatua ziwani.

Hii ni mara ya sita. Kura zangu za maoni ndani ya Chama ni hizi: 2000, tatu. 2005, kumi na moja. 2010, tisa (mvua ilinyesha). 2015, kumi na nne. 2020, nne, lakini mwaka ule hata hesabu zenyewe zilikuwa zinaumwa. Jumla arobaini na moja. Nani mwingine katika jimbo hili amepigiwa kura arobaini na moja na hajawahi kusinzia bungeni hata dakika moja?

Katibu wa Chama, Pius, alinipa fomu kabla sijamaliza kusalimia. "Mzee Shigela, ya kwako niliitenga tangu mwaka jana." Heshima hiyo. Wengine walipanga foleni.

Dorcas hakunisindikiza, alikuwa anaanika dagaa. Lakini mke wangu safari hii naye ni mjumbe, mpiga kura kama mimi, kachaguliwa na akina mama wa hapa Igoselo. Akaniambia mlangoni, "Baba Gladness, usiwe na wasiwasi, moja unayo."

Moja. Mwanamke ana utani huyu.

Jumanne, 29 Julai

Majina yamerudi kutoka juu. Tulichukua fomu watu ishirini na tisa, tumebaki nane. Mimi nimo.

Modesta, mtoto wa dada yangu anayeishi hapa kwangu, ndiye aliyesoma kwenye simu. Akasoma mara mbili. Akauliza, "Mjomba, kuna Shigela mwingine?" Hakuna. Nilipozaliwa jina lilifungwa.

Nilikwenda kunyoa kwa Ngosha. Ngosha naye ni mjumbe, na mdomo wake unakwenda kasi kuliko mashine yake. Anasema kila orodha inahitaji mtu wa kuijaza. Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa amenyoa upande mmoja tu. Mtu hagombani na kinyozi nusu kichwa.

Jumatano, 30 Julai

Safari za kujinadi zimeanza. Utaratibu ni huu: wagombea wote nane tunapakiwa kwenye Koasta moja, Pius kakaa mbele kama mwalimu wa zamu. Ni marufuku kwenda kwa wajumbe peke yako. Ni marufuku kumpa mjumbe hata soda. Tunakwenda kata kwa kata, tunapangwa kwenye viti vya plastiki, wajumbe wanatutazama kama ng'ombe wa mnadani, kila mmoja anapewa dakika tatu. Kengele ikilia, kaa. Halafu mnarudi kwenye gari lilelile, wewe na mtu aliyetoka kusema kwamba huna maono, mnagawana hindi la kuchoma.

Alexander, mbunge anayemaliza muda wake, anakaa dirishani na kulala. Hata akilala anafanana na mtu aliyeshinda. Jitesh, wa duka la vipuri mjini, babu yake alizaliwa hapahapa. Akisimama tu na kusema "mwangaluka" vikongwe wanapiga vigelegele. Kisukuma chake kinanitisha. Changu kina kutu kidogo kwa sababu ya kuongea na watu wa kimataifa.

Nimekaa na Mwalimu Revocatus, mstaafu wa kata ya Nyabusalu. Mjane, mkewe alifariki, huu ni mwaka wa nne sasa. Shati kafunga mpaka kifungo cha koo. Ni mara yake ya kwanza kugombea, hindi analipukuchua punje moja moja bila kula. Nikamwambia, "Mwalimu, tulia, uko na mkongwe."

Dakika tatu zangu nilizitumia kwa kiboko. Mwaka 1998 kiboko alilala katikati ya njia ya zahanati siku mbili, askari wa wanyamapori wamemshindwa. Nikaenda peke yangu na fimbo ya mtama. Nikamwambia, wewe ni wa majini, mimi ni wa nchi kavu, kila mtu aende ofisini kwake. Akaondoka. Alipofika majini akageuka kuniaga. Wajumbe walicheka mpaka mama mmoja akaanguka na kiti. Kengele ililia kabla sijafika kwenye sera ya maji, lakini kiboko mwenyewe ni maji.

Ijumaa, 1 Agosti

Kata ya Mwalogwa. Leo Revocatus ametumia dakika zake zote tatu kutafuta karatasi ya hotuba. Mfuko wa shati, mfuko wa suruali, ndani ya Biblia, chini ya kiti. Kengele ilipolia akaiona. Ilikuwa mkononi. Mama mmoja akamuuliza, "Mwalimu, ukifika Dodoma utatafuta kwa miaka mingapi?"

Kwenye gari hakula kitu. Akaniambia polepole, Alexander akikoroma mbele yetu:

"Mzee Shigela, kushindwa siogopi. Naogopa sifuri."

Nikamwambia sifuri haiwezekani. Yeye mwenyewe ni mjumbe wa Nyabusalu, si atajipigia?

"Nitajipigia. Lakini hiyo ni kujisahihishia mtihani mwenyewe, mzee wangu. Mimi naihesabu sifuri. Na watakaohesabu kura ni wanafunzi wangu. Wengi wao niliwapa sifuri hizo hizo."

Nilimpa bega langu alale. Hakulala. Mimi nililala.

Jumapili, 3 Agosti

Kata ya mwisho, na ni nyumbani, Igoselo. Nimehesabu vichwa. Wajumbe mia tatu na kumi. Waliotikisa kichwa wakati nasimulia kiboko, wakicheka, ni mia tatu. Nikiondoa waongo, mia mbili na sabini. Nikiondoa waliokuwa wanafukuza nzi, bado mia mbili na sabini, maana hao niliwaangalia vizuri.

Kipindi cha maswali nani anasimama? Dorcas. Kavaa kitenge cha sherehe, mstari wa tatu.

"Mgombea, ukiwa Dodoma, nyumbani kwako maji atachota nani?"

"Serikali," nikajibu.

"Ile ile tunayoisubiri au nyingine?"

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Sikuelewa walimpigia nani lakini nilisimama nikapunga mkono.

Kwenye gari Jitesh alinipa mkono. "Mzee, mkeo ndiye angechukua fomu." Wivu wa kisiasa.

Jumatatu, 4 Agosti

Siku yenyewe. Darasa la nne la shule ya msingi, ndimo tulimopigia kura, dawati moja na khanga imetundikwa kwa faragha. Darasa hilo nalifahamu, nilisoma humo miaka miwili mfululizo kwa kulipenda.

Karatasi ina picha nane. Yangu nimefumba macho. Mpiga picha aliniambia hesabu ya tatu, akapiga ya pili.

Nilikaa nyuma ya khanga muda kidogo, mpaka msimamizi akakohoa. Nikapiga. Kura ni siri, hata kwa daftari.

Dorcas aliingia baada yangu. Hata khanga haikutulia, alishatoka.

Nimemwambia Modesta anyooshe shati jeupe.

Jumanne, 5 Agosti

Alexander 3,106. Jitesh 1,240. Wengine katikati. Revocatus 2. Mimi 1.

Shati lirudishwe sandukuni.

Jumatano, 6 Agosti

Karatasi za matokeo ya kila kata zimebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata. Nilikwenda kwa bahati tu, nilikuwa napita. Igoselo: Shigela, 1. Kata nyingine zote: Shigela, mstari mdogo. Na hapo hapo Igoselo: Revocatus, 1. Ile nyingine yake ni ya kwao Nyabusalu.

Wa nane. Lakini wa nane kati ya ishirini na tisa waliochukua fomu si haba. Kuna watu ishirini na moja nyuma yangu, hawaonekani kwa sababu wako mbali sana.

Watoto njiani wameacha kuniita Mheshimiwa Mtarajiwa. Leo wananiita Mzee Moja.

Alhamisi, 7 Agosti

Mambo yamebadilika. Asubuhi alikuja Ngosha, kavua kofia, akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, wengine ni wanafiki. Ile kura moja ni yangu."

Nilimshukuru, nikamkaribisha chakula. Hajamaliza kunawa, akaingia mama muuza sato wa pale mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Ile moja ni yake. Halafu balozi wa nyumba kumi. Halafu ndugu wawili mapacha — walikubaliana kuwa ni ya mmoja wao, hawakusema yupi. Halafu wawili wengine waliofuata harufu ya ugali. Mpaka saa nane mchana nilikuwa na watu saba sebuleni, wote ile kura moja, na kila mmoja anawatazama wenzake kwa jicho baya.

Dorcas alisonga ugali mara tatu. Akaniita jikoni.

"Baba Gladness, hawa wote ni kura moja?"

"Ndiyo."

"Inakula sana hiyo kura."

Ndipo akili ikanifunguka. Midomo saba, kura moja! Huu ni wizi. Nikamwambia nitakata rufaa. Dorcas akapangusa mikono, akasema, basi uhesabu vizuri. Saba hao, na mimi wa nane, maana mimi nilikupigia. Na yako mwenyewe ya tisa.

Nikasema ndiyo, tisa. Nikaenda kutafuta kalamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, ofisi zimefungwa. Modesta ameandika barua ya rufaa, mimi nikitamka. Alikataa kuandika "uchunguzi wa kimataifa". Nimeongeza kwa mkono wangu pembeni.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Tulifika ofisini kwa Pius na mashahidi wangu saba, na nusu ya Igoselo nyuma yetu wamekuja kuangalia. Pius alisoma barua mpaka pembeni. Akatoa karatasi nyeupe, akasema hakuna shida, kila shahidi aandike jina, aseme alimpigia nani, atie saini, na karatasi itakwenda kwa Mheshimiwa Alexander kwa taarifa.

Mama wa sato akakumbuka samaki wake wako juani. Balozi akasema yeye aliunga mkono kwa ujumla. Mapacha kila mmoja alidhani ni mwenzake. Wawili wa harufu ya ugali wakajichanganya na watazamaji. Ngosha, ambaye ndiye aliyekula zaidi, akasema, "Mimi nilimpigia moyoni." Nikabaki mimi na barua.

Hapo Pius angenyamaza tu yangeisha. Lakini huyu mtu anapenda kufafanua. Akasimama, akaongea kwa sauti ya mkutano:

"Mzee Shigela, hesabu ni nyepesi. Igoselo umepata moja. Wewe ni mjumbe wa Igoselo. Mgombea hajinyimi. Basi hiyo moja ni yako mwenyewe — maana yake hata mwenzako wa nyumbani hakukupa."

Kicheko kilichotoka pale kimefika Ukerewe, nina hakika. Halafu kikakatika ghafla. Dorcas alikuwa amesimama mlangoni na mwavuli wangu.

Akasema, "Nilimpigia."

Pius akasema, "Mama, kura ni siri, hatuwezi kujua."

Dorcas akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama. Ningeweza kusema neno. Mimi ninayeongea na viboko.

Nikasema, "Tuendelee na ajenda." Hakukuwa na ajenda.

Jumapili, 10 Agosti

Tumetoka kanisani kila mtu na njia yake. Nyumbani akaniuliza, mara moja tu, bila kupaza sauti:

"Wewe ulimpigia nani?"

"Swali gani hilo, mama Gladness. Mgombea anampigia nani?"

Akaendelea kumenya ndizi. Wembamba wa yale maganda.

Mchana pikipiki ikasimama nje. Revocatus. Kafungua kifungo cha koo, anacheka mwenyewe, na jogoo mwekundu kwapani. Nilidhani kachanganyikiwa.

"Mzee Shigela, nimepata mbili. Moja ni ya kwangu, nimeifuta. Lakini ile ya hapa Igoselo ni ya mtu! Mtu alinisikiliza akaamini. Natafuta nimpe mkono."

Alikuwa ameshapita nyumba kumi na nne na jogoo wake, akiuliza. Dorcas alimpa chai na kiazi, kama mgeni yeyote. Nikamwambia aache kutafuta, mambo ya kura ni mazito. Akasema hata wanafunzi wake wamemsalimia shikamoo barabarani. Sikuwahi kuona mtu mwenye furaha namna ile kwa kuwa wa saba.

Jogoo alikataa kupanda tena pikipiki. Revocatus akamwacha hapa. "Mkimjua mwenyewe, mpeni."

Jumatatu, 11 Agosti

Igoselo ina akili zake. Jogoo alikuwa wa kumpa aliyempigia Mwalimu. Jogoo yuko kwa Shigela. Basi aliyempigia Mwalimu yuko kwa Shigela. Na Shigela amejipigia mwenyewe, Katibu kashathibitisha. Modesta si mjumbe. Amebaki nani?

Ngosha ndiye aliyenipigia hesabu hiyo, wembe uko shingoni. Akaongeza kwa upole kwamba Mwalimu ni mjane, na chai alikunywa vikombe viwili.

Jumanne, 12 Agosti

Dorcas alikwenda mwaloni kununua dagaa. Akina mama wakanyamaza wote kwa pamoja, kama redio iliyokatika betri. Mmoja akamuuliza kama huko Nyabusalu dagaa bei gani siku hizi. Kwenye kwaya wamemwambia apumzike mpaka mambo yakae sawa. Miaka kumi na tisa anaimba sauti ya pili, hajakosa hata mazoezi.

Alirudi, akafunga nguo kwenye kitenge. Nikamwambia, mama Gladness, haya ni maneno ya watu, mimi mwenyewe nimeandamwa na maneno tangu enzi —

"Wewe unajua kama nilikupigia au sikukupigia?"

Nikasema kura ni siri.

Akaweka kitenge kichwani. "Nakwenda Pasiansi kwa dada yangu Suzana. Sirudi mpaka jina langu lisafishwe, na lisafishwe mbele ya watu waliolichafua. Na jogoo usimchinje, si wako."

Hilo la mwisho limenikaa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepika mwenyewe. Mimi niliwahi kupikia ujumbe wa watu mia mbili kutoka nchi kumi, wakaomba waniondoe nchini. Ugali wa leo Modesta aliuangalia akasema, "Mjomba, huu ni uji au umekasirika?"

Kisha akaacha utani. Amekwenda Pasiansi kumwona. "Mjomba, anti hali chakula. Anakaa tu na Suzana barazani, wakipita watu anaingia ndani. Mtu aliyekuwa anauliza maswali mbele ya mbunge."

Nikamwambia siasa ni ngumu.

"Siyo siasa, mjomba. Ni anti."

Suzana amepiga simu. Jumamosi kikao cha familia, hapa nyumbani kwangu. Kaka yao mkubwa, Kashindye, anakuja kutoka Magu. Dorcas amedai Revocatus aitwe na Pius aitwe. Na mlango uachwe wazi, anayetaka kusikia asikie.

Jogoo anawika kila saa, si alfajiri tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nimekaa kitandani. Kikao kinaendelea sebuleni. Nina dakika chache, nimeomba ruhusa.

Wamefika wote. Shemeji Kashindye kiti kikubwa, Suzana na Dorcas kwenye mkeka, Revocatus kafunga tena kifungo cha koo. Pius kaja na faili. Dirishani vichwa vimepangana kama nanasi sokoni, cha Ngosha kiko juu. Mlangoni wamesimama akina mama wa kwaya.

Dorcas amekonda. Hajanitazama. Amenisalimia kama mtu wa benki.

Kashindye akaanza na Mwalimu. Revocatus akasimama, akasema mama huyu alimwona mara ya kwanza siku ya maswali, mara ya pili siku ya chai. "Mimi simjui aliyenipigia. Nilifurahi wiki moja. Sasa natamani ningepata sifuri yangu nikakaa nayo nyumbani." Akakaa. Akaanza kukunja pindo la shati kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtu mzima yule.

Ndipo Dorcas akaweka mkono juu ya Biblia bila kuambiwa.

"Nilimpigia mume wangu. Najua hata kura yangu inafananaje. Nilikuwa nimeona jinsi walivyomcheka kwenye kiboko chake. Nikasema hata kama ni mimi peke yangu. Nilikandamiza ile tiki mpaka karatasi ikatoboka."

Pius akafungua faili, akalifunga. Akasema polepole kwamba ni kweli, kura ya Mzee Shigela ilikuwa na tundu. Walibishana robo saa kama imeharibika. Wakaikubali kwa huruma.

Mlangoni wakaanza kunong'onezana. Lakini Ngosha, mdomo wake, akasema dirishani, "Hata mzee anaweza kutoboa. Mwanamume ana mkono mzito."

Shemeji Kashindye ni mtu wa ng'ombe, anapenda jambo lijaribiwe mbele ya macho. Akaagiza kalamu na karatasi mbili. Meza ikawekwa katikati. Mume na mke, kila mmoja aweke tiki kama alivyoweka siku ile, tuone nani anatoboa.

Dorcas akaweka. Kalamu ikapita mpaka kwenye kitambaa cha meza. Akina mama wa kwaya wakaguna wote kwa pamoja, na sauti ya pili ikakosekana, hata mimi nimesikia.

Kashindye akanisogezea karatasi. "Haya, shemeji. Na wewe."

Nikashika kalamu. Naweza kutoboa. Nina mkono wa kutoboa bati. Nikikandamiza tu, Ngosha yuko tayari dirishani, na mimi nabaki mtu aliyejipigia, na mambo yanarudi pale pale. Dorcas akainua macho kunitazama, mara ya kwanza leo. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri, kama vile anasubiri maji yachemke.

Nikasema, samahani wazee, naingia mara moja kuvaa koti.

Basi niandike, labda nikiona limeandikwa mdomo utafuata.

Nilimpigia Revocatus.

Nilikuwa na mia mbili na sabini kichwani. Nikasimama nyuma ya khanga, nikaona picha yake na shati lililomkaba, nikasema Shigela, moja haitakupunguzia kitu, mpe mwalimu wa watu apate ya kweli, asijisahihishie. Nilijiona mkubwa. Nilitoka pale nikitembea kama mfadhili. Ningejipa mwenyewe ningekuwa na mbili, yeye moja, mimi wa saba. Kwa ukarimu nimekuwa wa mwisho. Na siku ile ofisini kwa Pius kilichonifunga mdomo hakikuwa siri ya kura. Niliona aibu watu wajue kwamba Shigela Ndalahwa hakupigiwa hata na Shigela Ndalahwa.

Na yule mmoja aliyenipigia nikamwacha mlangoni na mwavuli.

Arobaini na mbili, ukijumlisha zote. Arobaini na moja sijui zilikuwa za nani.

Modesta amegonga. "Mjomba, mzee Kashindye anauliza, hilo koti linavaliwaje muda wote huo?"

Nimemwambia vifungo.

Sebuleni anayeongea ni jogoo peke yake. 

Koti nilikuwa nimelivaa tangu asubuhi. Nimeingia huku nalo mwilini, na wote waliliona.